Waya moja na chupa: gitari ya bidoni si mchezo wa bure



Juma hili nataka tuzungumze juu ya gitari ya bidoni. Hapa Itebero kila mmoja wetu anaijua. Mtoto anaokota bidoni ya mafuta ya lita tano, anaipigilia kwenye ubao, anavuta waya moja juu yake, halafu anapiga kutwa nzima mpaka mama anapiga kelele: “Wewe, maji yamechotwa?”

Mimi pia nilikuwa mkali juu ya mambo hayo. Siku moja, katikati ya somo la hesabu, nilimnyang’anya mwanafunzi wangu wa mwaka wa tano gitari yake, nikaiweka juu ya kabati. Kesho yake nikasikia kwamba ile waya aliikata kwenye freni ya kinga ya baba yake, na baba alikuwa karibu kuanguka mtelemkoni na mafuta ya ngazi nyuma. Mtoto aliadhibiwa nyumbani. Mimi nikaona nilifanya vema.

Lakini mama yake alikuja kuniona. Alisema: “Madamu, juu ya freni uko na haki, na baba yake pia. Lakini ile gitari umrudishie. Tangu tulipokimbia kule kwetu, hakuwa anasema na mtu. Ile ndiyo kitu cha kwanza kilichomfanya acheke.”

Sikuwa na jibu. Nilimpa gitari, na yeye akaibeba chini ya mkono kama vile anabeba kuku wa soko.

Kisha mwalimu mwenzangu alinisikilizisha kwenye telefone yake muziki wa watu wawili wa Malawi, Yobu Maligwa na Yosefe Kalekeni. Wanaitwa Madalitso Band. Kwa Kichewa, “madalitso” maana yake ni baraka. Yosefe anapiga gitari huku mguu wake ukipiga ngoma. Yobu anapiga babatoni: chombo kirefu cha kujitengenezea, chenye waya moja tu. Hashiki waya kwa vidole kama mpiga gitari wa kawaida. Anatelezesha kitu juu yake, na sauti inapanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayeita kutoka ng’ambo ya mto. Wanaimba pia, lakini maneno ni machache. Vyombo ndivyo vinavyobeba kazi.

Watu hao walipiga barabarani mjini Lilongwe kwa miaka mingi, wakiomba sarafu. Mwaka 2009 mtayarishaji mmoja wa muziki aliwaona wakipiga nje ya maduka. Mwaka 2017 walipiga kwenye tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar. Mwaka 2019 sahani yao “Wasalala” ilitolewa na nyumba ya Bongo Joe ya Geneva, nao wakaenda kupiga Ulaya. Hukohuko Malawi, Gasper Nali wa Nkhata Bay anapiga babatoni ya karibu mita tatu kwa kijiti na chupa tupu ya bia. Chupa ambayo sisi tunaitupa!

Ufundi huo wa kutelezesha una historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye visiwa vya Hawaii, kijana Joseph Kekuku alijulikana kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitari. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliusambaza muziki huo, na sahani zikaufikisha mbali. Ulifika mpaka Kongo yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, aliyeitwa Jhimmy, alirekodi kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kwa nyumba ya Opika. Upigaji wake watu waliuita wa “Hawaii”.

Kwa hiyo nilimwomba yule mtoto alete gitari yake darasani tena, safari hii kwa ruhusa. Tulipima waya: sentimita 60. Alipoweka chupa ndogo ya dawa kwenye 30, tukasikia sauti ileile, ila ya juu. Alipoacha sentimita 40 za kupigwa, ikatoka “sol”, kama waya nzima ni “do”. Sentimita 45 ikatoa “fa”. Nusu, theluthi mbili, robo tatu! Tangu mwezi wa tisa nilikuwa naandika sehemu hizo ubaoni, na wengi hawakuelewa. Siku ile walielewa, na yule aliyekuwa hasemi ndiye aliyewaeleza wenzake.

Kuna jambo lingine. Hapa tunaishi watu wa lugha mbalimbali, na wengine wamefika juzi wakiwa na mizigo kichwani. Wimbo wenye maneno unaweza kusifu upande mmoja na kuchoma upande mwingine. Sauti ya waya haitaji jina la mtu wala la kabila. Jioni nimeona watoto waliofika juzi na watoto wa hapa wakicheza mbele ya bidoni moja, bila mtu kuwauliza wametoka wapi.

Basi, wamama, naomba mambo matatu.

Kwanza, waya isitoke kwenye freni. Mafundi wa kinga na pikipiki wana kable zilizochakaa, tuwaombe wasizitupe. Chupa iwe ndogo na nzima, isiyo na ufa.

Pili, gitari iwe na saa yake. Masomo kwanza, kazi ya nyumbani pia, kisha apige.

Tatu, tusiseme hiyo ni kazi ya vijana wanaume. Kama dada yuko kwenye maji na kuni wakati kaka anapiga, tatizo si gitari, ni sisi tulivyogawa kazi. Wagawane maji, wagawane na waya.

Siahidi kwamba mtoto wako atafika Ulaya. Wengi hawatafika. Lakini mtoto aliyerudisha kicheko chake amekwisha kufika mbali.

Na yule baba? Freni ameweka mpya. Jioni, akitoka shambani, anaketi mlangoni kumsikiliza mtoto wake. Mama anasema hajawahi kumwambia anyamaze.