Je, Wajua? Mayotte, Mkoa wa Ufaransa Katika Bahari ya Hindi

Je, wajua kuwa Mayotte, ambayo wenyeji huiita Maore, ni mkoa wa Ufaransa ingawa iko kati ya Msumbiji na Madagaska? Visiwa jirani vya Komoro vilijitangazia uhuru mwaka 1975. Mayotte ikabaki chini ya Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili. Makao makuu ni Mamoudzou, sarafu ni yuro. Wakazi wengi ni Waislamu. Lugha yao, Kimaore, ni ndugu wa Kiswahili: mtu huitwa *mtru*. Wanawake hujipaka usoni liwa ya msandali, iitwayo *msindzano*. Zamani kisiwa kilisifika kwa langilangi na vanila. Leo uchumi hutegemea sana fedha za serikali ya Paris. Bendera ni ya Ufaransa, lakini utamaduni ni wa pwani yetu.