Chandarua chako kimesukwa kwa uzi gani?

Ukishuka kutoka Mamba hadi Ndungu na Maore, wilayani Same, joto hukupokea kabla hujaiona mipunga. Juu mlimani ulivaa sweta. Huku chini mbu hawahangaiki kutafuta maji ya kutagia mayai. Ndiyo maana karibu kila kitanda kinahitaji chandarua, na asubuhi ya jua kali utaviona vimeanikwa kwenye kamba baada ya kuloekwa katika maji ya moto na dawa ya kutoa madoa. Mama aliyevifua ni msafi na anawapenda wanawe. Lakini huenda ameifua kinga yenyewe.

Jibu la kwa nini limo ndani ya uzi.

Plastiki yoyote unayoishika imeundwa kwa minyororo mirefu sana ya chembe ndogo zilizoshikana. Wataalamu huiita polima. Chembe zinaweza kuwa zilezile, ila mnyororo ukiundwa kwa namna nyingine, unapata kitu kingine. Chukua kiriba cha kuoteshea miche ya kahawa na dumu la kuchotea maji. Kwa kawaida vyote viwili ni poliethilini. Katika kiriba, minyororo ina matawi mengi kama kichaka cha miiba, haiwezi kulala karibu karibu, hivyo plastiki inakuwa laini. Katika dumu minyororo imenyooka, inapangana kama kuni katika mzigo, na plastiki inakuwa ngumu.

Sasa turudi kitandani. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Uzi wake ni poliethilini ya aina ile ya dumu. Dawa iitwayo pemethrini, asilimia 2 ya uzito, huchanganywa na plastiki ikiwa imeyeyuka, kabla uzi haujavutwa. Minyororo imepangana, lakini zipo sehemu zilizolegea, na kupitia hizo dawa hujipenyeza taratibu hadi juu ya uzi. Ukifua, unaondoa ile ya juu. Ya ndani hupanda kuchukua nafasi yake. Haipandi yote siku hiyohiyo. Joto huiharakisha, baridi huichelewesha, kwa hiyo chandarua cha namna hii kilichofuliwa kwenye ubaridi wa Chome kitachelewa kurudisha nguvu kuliko kilichofuliwa Ndungu.

Vyandarua vya poliesta ni habari nyingine. Ni laini kama kitambaa, lakini minyororo yake ni migumu na imebanana kiasi kwamba dawa haiwezi kutembea ndani ya uzi. Hivyo dawa hupakwa nje, ikashikiliwa na kitu kama gundi kinachoiachia kidogo kidogo. Hakina ghala ndani. Ukikisugua kwa nguvu au ukakitia dawa ya madoa, unachokwangua ndicho ulichonacho.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema chandarua kigumu ni cha hali ya chini na laini ndicho bora. Ugumu ule ni matokeo ya uzi wenyewe.

Vyandarua vya dawa ya muda mrefu hutakiwa kustahimili mafuo 20 na miaka mitatu ya matumizi. Ukifua mara moja kila miezi mitatu, umebaki salama kabisa. Tumia maji ya baridi na sabuni ya kawaida, usisugue, kisha anika kivulini, kwa sababu jua huiharibu dawa na baada ya muda huuchosha na uzi. Usifulie kwenye mfereji wala bwawani: dawa hizi ni sumu kali kwa samaki. Maji ya kufulia yamwage shimoni, mbali na kisima. Na koroboi uiweke mbali. Poliethilini huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 130, poliesta huvumilia hadi 250 hivi, lakini moto wa utambi unazipita zote mbili.

Wazee wa Gonja wanaweza kukumbuka enzi nyingine. Katika miaka ya 1950, chini ya mradi wa malaria wa Pare na Taveta, nyumba za tambarare zilipuliziwa dieldrini ukutani. Malaria ilipungua sana. Upuliziaji ulikoma mwaka 1959, na baadaye ugonjwa ukarudi. Ukuta haukuwa na ghala la kujaza dawa iliyokwisha.

Chandarua nacho si mwisho wa kazi. Mbu wengi wamezoea dawa za kundi la pemethrini, na ndiyo maana vipo vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya pili. Soma lebo iliyoshonwa pembeni ujue ulichopewa. Kikitoboka, shona siku hiyohiyo. Na mtoto akipata homa, hata kama analala ndani ya chandarua kizima, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria ndani ya saa 24. Usimpe dawa kwa kubahatisha.

Kama umepewa kipya wiki hii, kitoe kwenye mfuko, kitundike kivulini siku nzima na usiku wake, kisha ndipo mtoto alale ndani yake. Mfuko usiutumie kuhifadhia chakula.