Pawasaplai ya Kompyuta: Kwa Nini Hufa, na Hufa Mara Ngapi?

Kompyuta ya mezani inapogoma kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi, karibu kila mtu hapa Tumbi hutoa hukumu moja: "Umeme umeiunguza." Mara nyingine hukumu hiyo ni sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, inataja tukio la mwisho tu na kuiacha sababu iliyokuwa ikifanya kazi kimya kimya kwa miaka. Tofauti hii si ubishi wa darasani. Ofisi ya parokia inayotunza rejesta za ubatizo kwenye kompyuta, au shule yenye chumba cha kompyuta za msaada, ikikosea sababu itanunua pawasaplai mpya na kuiweka palepale ilipofia ya kwanza.

Kazi ya pawasaplai

Pawasaplai ni lile boksi la bati nyuma ya kompyuta, linapoingia waya wa umeme. Soketi zetu hutoa volti 230, lakini sehemu za ndani ya kompyuta zinataka volti 12, 5 na 3.3 tu, tena za umeme usioyumba. Pawasaplai huunyoosha umeme unaoingia, huuhifadhi kwa kitambo kidogo sana kwenye kapasita kubwa zenye volti zaidi ya 300, kisha huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde na kuushusha kwa transfoma ndogo. Kazi hiyo huzaa joto. Ndiyo maana boksi hilo lina feni yake.

Kinachoiua

Adui wa kwanza ni joto. Ndani ya kapasita nyingi mna majimaji ambayo hukauka polepole. Mafundi wana kanuni ya makadirio: joto la kapasita likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha yake hupungua kwa nusu. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ikifanya kazi kwa nyuzi 65, itadumu takriban saa 32,000. Kwa ofisi inayowasha kompyuta saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hiyo ni miaka 16. Sasa vumbi lizibe matundu, feni ichoke, joto lifike nyuzi 75. Miaka 16 imekuwa 8, na hakuna aliyeona lolote.

Adui wa pili ni umeme unaoyumba. Kompyuta ikihitaji wati 200, pawasaplai itazitafuta kwa vyovyote. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, italazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi kwa takriban robo, na mkondo zaidi ni joto zaidi. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, hali ni mbaya kuliko ukikatika saa nzima. Pawasaplai nyingi zina kipuri kinachopunguza kishindo cha umeme wakati wa kuwasha, lakini hufanya kazi hiyo vizuri kikiwa kimepoa. Kikiwa bado cha moto, kishindo hupita karibu chote.

Adui wa tatu ni radi, hasa wakati wa vuli na masika. Si lazima ipige jengo. Ikipiga karibu na nguzo, wimbi la volti nyingi husafiri kwenye nyaya hadi kwenye soketi. Kompyuta iliyozimwa kwa kitufe chake tu haiko salama, maana sehemu ya pawasaplai hubaki na umeme muda wote ikisubiri kuwashwa.

Adui wa nne huja na misaada kutoka Marekani, ambako soketi za kawaida hutoa volti 120 hivi. Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye soketi yetu, volti za ndani huwa mara mbili ya zile ilizoundwa kuzibeba. Utasikia mlio kama wa fataki, na kompyuta imekwisha kabla haijaandika herufi moja. Hapo aliyeua si umeme. Ni swichi ambayo haikutazamwa.

Mara ngapi?

Watengenezaji wengi huandika kwamba pawasaplai yao ina wastani wa saa 100,000 kati ya hitilafu na hitilafu. Wengi hudhani maana yake ni kwamba kila moja itaishi miaka 11 bila kuzimwa. Sivyo. Namba hiyo inahusu kundi. Chumba chenye kompyuta 40, kila moja ikifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, kinatumia saa 80,000 kwa mwaka. Kwa hiyo tutarajie pungufu ya pawasaplai moja kufa kila mwaka, maadamu mazingira yanafanana na yale ya majaribio, ambayo aghalabu ni chumba cha nyuzi 25 na umeme tulivu.

Mazingira ndiyo yanayoamua. Mwaka 2007 watafiti Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha kumbukumbu za vipuri vilivyobadilishwa katika vituo vikubwa vya kompyuta. Katika kituo kimoja pawasaplai ziliongoza, zikiwa karibu theluthi moja ya vipuri vyote vilivyobadilishwa. Katika kingine zilikuwa takriban moja ya kumi tu. Kifaa ni cha aina moja, lakini hatima zinatofautiana.

Hapa Aristotle anatusaidia. Katika kitabu chake cha Fizikia anafundisha kwamba bahati haimo katika mambo yanayotokea daima au mara nyingi. Pawasaplai moja ikifa katika miaka miwili, tunaweza kuiita bahati mbaya. Zikifa nne kwa mwaka katika chumba kilekile, neno hilo halifai tena. Tuache kuuliza kompyuta ina nini, tuulize chumba kina nini: joto, vumbi, nyaya, erthi.

Tufanye nini?

Kwanza, andika. Daftari moja linatosha: tarehe kompyuta ilipokufa, iko meza gani, na kama umeme ulikatika siku hiyo. Meza moja ikijirudia, angalia soketi yake.

Pili, puliza vumbi kila baada ya miezi mitatu, waya ukiwa umechomolewa, na usiisukumize kompyuta hadi ukutani.

Tatu, umeme ukikatika, chomoa, kisha subiri dakika tano baada ya kurudi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilikata umeme katika sehemu kubwa ya nchi. Siku kama hizo, waya uliochomolewa ni kinga isiyogharimu hata senti. Stabilaiza husaidia volti zinazoyumba, na UPS hukupa muda wa kuhifadhi kazi.

Nne, kabla ya kutupa kompyuta, mwombe fundi aijaribu kwa pawasaplai nyingine nzima. Mara nyingi diski yenye kumbukumbu zako haijaguswa. Unaponunua mpya, jihadhari na ile iliyoandikwa wati 500 lakini nyepesi mkononi kama boksi tupu.

Mwisho, usilifungue boksi hilo mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Kompyuta hununuliwa tena, lakini mkono uliopigwa na umeme huo hauna duka.