KISANDUKU CHA UMEME CHA ORDINATERI NDOGO: TUKICHAGUE VEMA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani: siku hizi baadhi ya nyumba za wafanyakazi zina ordinateri. Wengi wanapenda ile ndogo, kwa sababu haijazi meza ambayo mtoto anafanyia kazi ya shule. Wakati wa kununua tunauliza juu ya ekra na bei. Hatuulizi juu ya kisanduku cha umeme kilicho ndani, ambacho mafundi wanakiita alimantasio. Lakini moto na pigo la umeme mara nyingi hutoka huko.

Kazi ya kisanduku hiki ni nini? Kinapokea umeme wa nyumba, volti 220, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3,3 ambao ordinateri inaweza kuutumia. Kikiwa kibovu, kinaua ordinateri nzima. Kikiwa kibovu sana, kinawasha nyumba.

Basi uangalie mambo haya matano kabla ya kutoa pesa.

1. Kipimo. Kisanduku cha kawaida (ATX) kina upana wa milimita 150 na urefu wa kwenda juu milimita 86. Hakiingii katika ordinateri ndogo. Nyingi za hizo hutumia SFX: upana milimita 125, kwenda juu milimita 63,5, kina milimita 100. Pima cha zamani kwanza. Usikate bati na usiache kisanduku kining'inie nje.

2. Nguvu ya kweli. Usiamini herufi kubwa. Soma kikaratasi cha ubavuni, kwenye mstari wa volti 12, uzidishe volti kwa ampere. Kikiandikwa wati 500, na mstari wa volti 12 ni ampere 16 tu, hesabu ni 12 × 16 = wati 192. Hizo 500 ni maneno matupu. Ordinateri ndogo isiyo na kadi kubwa ya picha inatosheka na wati 300 za kweli.

3. Volti za kuingia. Chagua kilichoandikwa 100–240 V. Jioni, watu wote wakipika pamoja, umeme wa kambi unashuka. Kisanduku cha namna hii kinavumilia. Vingine vya zamani vina kitufe chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 nawe ukakichomeka kwetu, kitapasuka palepale.

4. Ulinzi. Kizuri kinajizima chenyewe waya zikigusana au volti zikipanda. Maelezo yake yanasema hivyo wazi. Plagi iwe na waya wa udongo, na prizi ya nyumba vilevile. Bila waya huo, bati la ordinateri linaweza kumpiga mtoto akiligusa.

5. Joto. Kisanduku kinachotumia vema asilimia 80 ya umeme, kikitoa wati 100, kinavuta 125. Zile 25 zinabaki kuwa joto ndani ya sanduku dogo. Alama ya 80 PLUS inaonyesha upotevu ni mdogo. Lakini alama hiyo peke yake haithibitishi ulinzi. Wakati wa kiangazi vumbi la kwetu linaziba feni: chomoa plagi, kisha pangusa matundu kwa brashi kavu kila mwezi.

Umeme ukikatika, chomoa plagi. Unaporudi, mara nyingi unarudi kwa kishindo. Subiri dakika chache ndipo uchomeke. Mwenye uwezo anunue stabilizateri.

Sasa jambo kubwa kuliko yote: USIFUNGUE KISANDUKU HIKI, hata kama kimechomolewa. Ndani mna kondensateri inayoweza kushika zaidi ya volti 300 baada ya plagi kutoka. Wako watu wanaosema, «nimechomoa, hakuna hatari». Hatari ipo. Kikiharibika, kinabadilishwa chote.

Mtu akipigwa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza kwenye disjonkteri. Kama huwezi, msukume mbali kwa mti mkavu, ukisimama pakavu. Kama hapumui, tuma mtu kuita msaada, nawe anza kumkandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Hata akisema amepona, mlete dispensari: umeme unaweza kuharibu mwendo wa moyo bila kuacha alama kwenye ngozi. Na kama ordinateri inawaka, usimwage maji. Kata umeme, tumia mchanga mkavu, toeni watoto nje.

Ndugu, kule shimoni hukubali kamba dhaifu ikubebe. Nyumbani pia usikubali kisanduku dhaifu kwa sababu ya franka chache. Rahisi ni ghali.