Selimundu ukubwani: Mzigo wa maumivu na riziki Migori, Homa Bay

MAREKANI na katika mataifa mengi ya Ulaya, selimundu huhesabiwa miongoni mwa magonjwa adimu ya kurithi. Kandokando ya Ziwa Victoria, katika kaunti za Migori na Homa Bay, si adimu hata kidogo.

Chanzo ni malaria. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee hukingika kwa kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana imeenea ziwani na pwani, ilhali katika nyanda za juu ni nadra. Balaa huja wazazi wote wawili wanapoibeba: katika kila mimba, uwezekano wa kuzaa mgonjwa ni mmoja kwa nne.

Kwa kuwa wengi walifariki wakiwa wachanga, selimundu ilizoeleka kuwa maradhi ya watoto. Wanaovuka utoto hukumbukwa kwa nadra.

Seli nyekundu za kawaida huishi takriban siku 120. Zilizopinda mfano wa mundu hufa baada ya siku 10 hadi 20. Mgonjwa hupungukiwa na damu na kuchoka upesi. Seli hizo zikiziba mishipa midogo, mifupa huuma kupita kiasi. Ukubwani huongezeka vidonda vya miguu, nyonga kuharibika na figo kudhoofika.

Baridi, upungufu wa maji mwilini na kazi ya sulubu huchochea maumivu hayo. Lakini mvuvi wa omena hukesha ziwani penye baridi, mchimbaji dhahabu wa Macalder hutokwa jasho shimoni na mkata miwa wa Awendo hushinda juani. Kazi zilizopo ndizo mwili wa mgonjwa usizoziweza. Akikosa kufika mara mbili tatu, kibarua huota nyasi, na kwa kuwa maumivu hayaonekani, huitwa mvivu.

Dawa ya haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima, hupunguza maumivu ingawa haiponyi. Humezwa kila siku na huhitaji damu kupimwa mara kwa mara. Tiba ya kuhariri jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, kwa bei ya zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja Marekani.

Kuhusu ndoa, hofu nyingi hutokana na kutojua. Mwanamke mwenye selimundu anaweza kuzaa, mradi mimba iangaliwe kwa karibu na madaktari. Na mgonjwa akioana na mtu ambaye vipimo vimeonyesha hana hitilafu yoyote ya kurithi ya damu, watoto wao wote wataibeba jeni hiyo, lakini hakuna atakayeugua.