Kwa nini hatutumi tena majina ya watoto kwa simu



Katika ziara zetu za Njombe na Makambako tumeulizwa swali moja mara nyingi: kwa nini siku hizi ofisi inakataa kutuma majina ya watoto kwa simu? Wengine wameuliza kwa upole, wengine kwa kukereka, na mfadhili mmoja ametuandikia akitaka kujua kama kuna jambo tunalificha. Swali ni la haki, nasi tumeona tulijibu kwa urefu katika toleo hili.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliandaa siku ya kuwapeleka watoto wenye ulemavu kwa wataalamu wa mazoezi tiba. Ili kamati ziweze kupanga usafiri, tuliandika orodha yenye jina la mtoto, jina la mama, kijiji, namba ya simu na aina ya ulemavu. Mwishoni tuliweka safu tuliyoiita "maelezo mengine". Katika safu hiyo, mbele ya jina la mtoto mmoja, mwenzetu aliandika kwamba mama yake anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka mama huyo ahudumiwe mapema kwa sababu siku hiyo hiyo alikuwa na kliniki yake. Orodha ilipigwa picha, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na kabla ya jioni ilikuwa imefika kwa watu wasiohusika kabisa na kamati.

Mama huyo hakuja. Tulipomfuata nyumbani alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akasema mtoto amepelekwa kwa bibi yake. Ulipita karibu mwaka mzima kabla mtoto hajarudi kwenye mazoezi. Wanaowafahamu watoto wenye mtindio wa ubongo wanajua maana yake: viungo visiponyooshwa kwa muda mrefu hukakamaa, na kilichokakamaa ni vigumu kukirudisha. Sisi tuliandika mstari mmoja usiohitajika, na aliyeulipia ni mtoto, kwa miguu yake.

Tunaeleza haya kwa ruhusa ya mama huyo. Tulimsomea aya hizi kabla ya kuzichapa, naye akatutaka tuondoe mambo mawili. Tumeyaondoa.

Uzito wa jambo hili katika mkoa wetu

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa Njombe ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU Tanzania Bara, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Mtu angetarajia kwamba pale ambapo jambo limewagusa wengi, aibu ingepungua. Imepungua kiasi, lakini haijaisha. Faili la mtoto ni mlango wa kuingilia nyumba nzima, kwa kuwa ukiandika hali ya mtoto mara nyingi umeandika na ya mama, na wakati mwingine ya baba ambaye hajamwambia mtu.

Kisha kuna maneno ya watu kuhusu ulemavu wenyewe. Bado tunakutana na familia zinazoambiwa kwamba mtoto ni laana, au kwamba kifafa ni cha ukoo na mabinti wa nyumba ile wasiposwe. Mzazi anayeishi na maneno hayo hupima sana kabla ya kumtoa mtoto nje. Akisikia jina la mwanawe limetajwa sokoni, mlango hufungwa, na kuufungua tena huchukua miezi.

Lipo pia jambo zito zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 2000 nchi yetu imeshuhudia mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa. Na mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wetu wa Njombe ulitikiswa na mauaji ya watoto, wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shuleni kwa hofu. Katika mazingira hayo, karatasi inayosema mtoto fulani ana hali gani, anaishi kitongoji gani na anapita njia ipi kwenda shule, haifai kuachwa juu ya meza ya ofisi ya parokia.

Makambako nako kuna la pekee. Ni njia panda: barabara ya Songea inaachana hapo na barabara kuu ya Mbeya, reli ya TAZARA inapita, na malori hulala hapo kila usiku. Neno lililosemwa stendi asubuhi linaweza kufika Njombe mjini kabla ya basi la mchana.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya nchi inalinda faragha ya mtu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya vipimo vya VVU yawe siri. Kubwa kwa kazi yetu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto na taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzitumia, isipokuwa katika hali chache ilizozitaja. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, ziwe sahihi, zilindwe, na zisikae kuliko zinavyohitajika. Mwenye taarifa ana haki ya kuziona na kudai zirekebishwe. Aidha, wanaokusanya na kuchakata taarifa wanatakiwa kujisajili kwa Tume, na yapo masharti ya kuzipeleka nje ya nchi.

Wapo waliodhani kwamba sheria hii ni ya mabenki na kampuni za simu tu. Sivyo. Daftari la kamati lenye majina ya watoto kumi na wawili nalo linaguswa. Na wapo waliotuambia kwamba haya ni mambo ya kizungu. Hapo tunatofautiana nao: mkunga wa kijijini hakuwa na tabia ya kutangaza kisimani alichokiona chumbani.

Tulichobadilisha

Tulianza kwa kuuliza, juu ya kila swali lililokuwa kwenye fomu yetu: jibu lake linamsaidiaje mtoto? Fundi wa viti vya magurudumu anahitaji vipimo vya nyonga, mgongo na miguu. Hahitaji kujua dini ya familia wala kama baba na mama walifunga ndoa. Dereva anahitaji jina la kituo, saa, na kujua kama kuna kiti cha kupakia. Hahitaji jina la ugonjwa. Maswali mengi tuliyokuwa tunauliza yalikuwa ni ya mazoea, mengine tuliyarithi kutoka fomu za miradi iliyokwisha zamani. Tumeyafuta. Safu ya "maelezo mengine" haipo tena.

Sasa kila mtoto ana namba. Namba ndiyo inayoandikwa kwenye orodha za usafiri, za vifaa na za mahudhurio. Rejesta inayounganisha namba na jina iko kwenye kabati lenye kufuli, na wanaoshika ufunguo ni wawili. Kwenye kompyuta, faili lina neno la siri ambalo halikubandikwa ukutani (tunalisema hili kwa sababu liliwahi kubandikwa ukutani).

Namba peke yake haitoshi, nasi tulichelewa kulitambua. Tuliwahi kuandika kwenye taarifa ya robo mwaka kuhusu mtoto wa kike mwenye ualbino, wa darasa la tatu, katika kijiji tulichokitaja. Jina halikuwepo, lakini kijiji hicho kilikuwa na mtoto mmoja tu wa namna hiyo. Tangu hapo, watoto wakiwa wachache mahali, tunawajumlisha kwenye hesabu ya wilaya nzima.

Simu zina shida yake. Mama wengi hawana simu ya kwao. Namba tuliyopewa ni ya mume, ya shemeji au ya jirani mwenye duka. Ujumbe wa kumkumbusha mama kliniki ya kifafa ya mwanawe unasomwa kwanza na mwenye simu. Siku hizi tunaandika tu: "Shikamoo mama, karibu ofisini Alhamisi saa tatu." Anayehusika anaelewa.

Mahali pa kuzungumzia pia pana shida. Mwezi wa Juni na Julai, Njombe ikiwa kwenye baridi yake, watu wote hujazana kwenye chumba kimoja chenye jiko la mkaa, na mahojiano yalikuwa yanafanyika humo humo, mama akieleza mambo ya uzazi wake huku foleni nzima ikisikiliza. Tumenunua jiko la pili. Ni gharama ndogo, na tunaomba wafadhili wasishangae kuiona kwenye hesabu chini ya kifungu cha huduma kwa watoto.

Kuhusu ridhaa

Hapa ndipo tunapojifunza zaidi. Fomu ya ridhaa ni rahisi kuijaza. Mama aliyekaa foleni tangu alfajiri akisubiri kiti cha mwanawe atatia dole gumba popote utakapomwonyesha, kwa kuwa anaogopa kwamba akikataa atakosa kiti. Hiyo si ridhaa hata kama wino umekauka vizuri. Kwa hiyo tumetenganisha mambo. Ridhaa ya huduma inachukuliwa siku ya kwanza, kwa maelezo ya mdomo, kwa Kiswahili au Kibena kadiri mzazi anavyoelewa. Ombi la picha au simulizi kwa ajili ya jarida linaletwa siku nyingine, baada ya mtoto kuwa amekwisha kupata huduma yake, na mzazi anaambiwa waziwazi kwamba akikataa hapotezi kitu. Tangu tuanze utaratibu huu waliokataa wameongezeka, jambo linalotufanya tuwaze kuhusu wale waliokuwa wanakubali zamani.

Mtoto mwenyewe naye anaulizwa. Kijana mmoja kiziwi, tulipomwonyesha picha yake iliyotakiwa kuchapwa, alitikisa kichwa kwa nguvu na kuishara kwamba shati lilikuwa chafu. Mzazi alikuwa ameshakubali. Picha haikuchapwa.

Siri isigeuke kifuniko

Baadhi ya kamati zimeelekea upande wa pili, hata mwalimu hakuambiwa kwamba mwanafunzi wake ana kifafa. Hilo ni kosa vilevile. Mwalimu anapaswa kujua afanye nini mtoto akianguka: amlaze ubavu, aondoe vitu vya kumwumiza, asimtie kitu mdomoni, aangalie saa. Tunakubaliana na mzazi nani aambiwe na aambiwe nini, kisha tunaandika makubaliano hayo.

Zaidi ya hapo, kuna taarifa ambayo haifai kubaki kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Mtoto akipigwa, akifungiwa ndani bila chakula au akifanyiwa ukatili wa kingono, hakuna mwanakamati mwenye ruhusa ya kusema "tulipewa kwa siri". Mwone afisa ustawi wa jamii au polisi siku hiyo hiyo, na umweleze yeye tu, si kamati nzima.

Kwa wafadhili wetu

Tunajua kwamba mnapenda kumwona mtoto mnayemsaidia, na kwamba barua yenye jina na sura hugusa moyo kuliko jedwali. Nanyi mlioko Ulaya mnafungwa na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, hivyo haya si mageni kwenu. Tutaendelea kuwapa hesabu kamili, vifaa vilivyotolewa, na mabadiliko yanayoonekana kwa watoto. Mkaguzi wa hesabu anaweza kuja ofisini na kulinganisha namba na rejesta akiwa mbele yetu. Nakala ya rejesta haitasafirishwa.

Kwa kamati za parokia

Majina ya watoto yasisomwe kwenye matangazo ya Jumapili, hata kwa nia ya kuwaombea, isipokuwa familia imeomba yenyewe. Orodha zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo zibanduliwe. Picha za orodha zilizoko kwenye simu zenu zifutwe, pamoja na zile zilizobaki kwenye makundi. Madaftari ya zamani yaletwe ofisini Njombe, au kwa mratibu wetu Makambako, yakiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Tafadhali msiyauze wala kuyagawa kama karatasi za kufungia maandazi. Mwaka jana tulinunua chai na andazi karibu na stendi, na karatasi iliyofungia ilikuwa na mwandiko wetu.

Fomu mpya zinapatikana ofisini bila malipo. Kamati yenye maswali itualike kwenye kikao chake cha kawaida, tutakuja.