Sheria Hupikwa Wapi?

Leo hatuzungumzii malaria wala usafi wa meno. Tunazungumzia Bunge. Ngoja kwanza, usifunue ukurasa! Ukifika mwisho utaona kwamba Bunge na afya yako ni majirani wa karibu sana.

Tuanze na mfano. Fikiria wewe ni mwanafunzi wa sekondari, unakaa Mkwaja, wilayani Pangani. Una miaka 16. Una wasiwasi moyoni na umeamua kupima virusi vya UKIMWI. Unakwenda kwenye huduma ya afya, mhudumu anakuuliza umri, nawe unamjibu. Je, atakwambia, "Rudi nyumbani ukamlete mzazi"?

Kama ungekwenda mwaka 2018, jibu lingekuwa ndiyo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilitaka aliye chini ya miaka 18 apate kwanza ridhaa ya mzazi au mlezi. Sasa fikiria mwenyewe: ni wangapi kati yetu wangethubutu kwenda kumwambia baba, "Naomba sahihi yako, nataka kupima"? Novemba 2019 Bunge lilibadili jambo hilo. Umri wa kuridhia mwenyewe kupimwa ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15.

Tarakimu moja tu ilibadilika kwenye karatasi. Lakini kwa kijana aliyesimama mbele ya mhudumu, tarakimu hiyo ndiyo inayoamua kama atajua hali yake au atarudi nyumbani na hofu yake.

Swali basi ni hili: tarakimu kama hiyo huandikwa wapi? Nani huikagua kabla haijawa sheria? Na je, wewe una nafasi ya kusema neno?

MUSWADA NI NINI?

Sheria haishuki kutoka mbinguni. Huanza kama muswada, yaani mapendekezo ya sheria yaliyoandikwa na kugawanywa kwa vifungu. Miswada mingi huletwa na Serikali, ingawa mbunge naye anaweza kuleta wake. Muswada wa Serikali huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali ili watu wauone, kisha hupelekwa bungeni Dodoma.

Huko husomwa mara ya kwanza. Usidhani unasomwa wote kama hadithi! Katibu husimama na kusoma jina lake tu. Hakuna mjadala, hakuna kura. Baada ya hapo Spika huupeleka kwenye kamati ya Bunge inayohusika na jambo lenyewe.

Hapo ndipo jiko lilipo.

KWA NINI KAMATI?

Bunge letu lina wabunge zaidi ya 300. Hebu fikiria watu 300 wakibishana juu ya kila kifungu, kila mstari, kila nukta. Mwaka ungekwisha na kazi haijaisha. Kwa hiyo Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 96, inaliruhusu Bunge kuunda kamati mbalimbali. Wabunge wamegawanywa humo: wapo wa mambo ya katiba na sheria, wapo wa bajeti, wapo wa afya, na kadhalika.

Ninyi mnaokaa pwani mnajua habari za vyombo. Mashua mpya haishushwi majini siku ileile ilipopigiliwa msumari wa mwisho. Lazima fundi apite na kalafati, akague kila mahali mbao zinapokutana, azibe. Kwa macho ya mtu wa mbali mashua inaonekana nzima. Tundu dogo litajulikana katikati ya maji, na watakaolowa ni abiria.

Muswada nao ni hivyohivyo. Kwa jina unaweza kupendeza sana. Matatizo yapo ndani ya vifungu.

NDANI YA CHUMBA CHA KAMATI

Waziri mwenye muswada huja na wataalamu wake. Anaeleza kwa nini sheria inatakiwa na kila kifungu kinakusudia nini. Wabunge wa kamati humuuliza maswali: Neno hili lina maana gani? Nani atalipa? Adhabu hii si kali mno? Mtu wa kijijini ataweza kutimiza sharti hili?

Kisha kuna wadau. Kamati inaweza kualika watu waje kutoa maoni ili kuisaidia kuuchambua muswada: madaktari, wanasheria, vyama, mashirika, wananchi wa kawaida. Wengine hufika wenyewe, wengine huandika. Hapa ndipo mtu asiye mbunge anapoweza kuingiza neno lake kwenye safari ya sheria.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Kamati haina kisu cha kukata muswada yenyewe. Ikiona kifungu kina kasoro, humshauri waziri alete marekebisho. Waziri anaweza kukubali, anaweza kukataa. Je, kamati ni bure basi? Hapana. Muswada ukirudi bungeni, kamati husoma maoni yake mbele ya wabunge wote, na nchi nzima inasikia pale waziri na kamati walipotofautiana. Hakuna waziri anayependa kusimama siku hiyo huku kamati inasema kazi yake haijakamilika.

MFANO: BIMA YA AFYA KWA WOTE

Mama anaugua ghafla usiku, yuko Mkwaja. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, kwa hiyo lazima mvuke mto pale Bweni. Wakishindwa hapo, safari ni mpaka Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanga mjini. Kila hatua inataka hela: nauli, vipimo, dawa. Baba ni mvuvi, na wiki hii pepo zimechafuka, hajapata kitu. Familia inauza nini? Mbuzi? Nyavu? Akiuza nyavu, wiki ijayo watakula nini?

Bima ni njia ya kuchangia mkiwa wazima ili mtibiwe mkiugua. Septemba 2022 muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa bungeni mara ya kwanza, ukapelekwa kwenye Kamati ya Huduma na Maendeleo ya Jamii. Jina lake zuri, nani atalikataa? Lakini ulipokaguliwa lilijitokeza swali zito: hao wasio na uwezo wa kulipa watalipiwa na nani, kwa fedha zipi?

Kama swali hilo lisingejibiwa, "kwa wote" lingebaki neno tu. Mvuvi wetu angekuwa na sheria bila kuwa na matibabu.

Mwaka 2022 ukaisha bila muswada kupitishwa. Februari 2023 ukawekwa kando tena, Serikali ikatafute vyanzo vya uhakika vya fedha. Wapo waliolalamika kwamba watu wanaugua huku wakubwa wanazungumza, na malalamiko hayo yalikuwa na haki yake, maana ugonjwa haungoji kikao. Hatimaye, tarehe 2 Novemba 2023, Bunge likaupitisha. Safari hii sheria iliweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na ikataja fedha zitoke wapi, ikiwemo sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi.

Kwa hiyo ile soda unayokunywa saa ya mapumziko imeingizwa kwenye hesabu ya matibabu ya watu maskini. Kutunga sheria ni jambo moja na kuitekeleza ni jingine, hilo tusijidanganye. Lakini swali la fedha lilijibiwa ndani ya sheria kwa sababu halikuachwa lipite hivihivi.

(Walio ng'ambo ya maji, Unguja na Pemba, wana Baraza lao la Wawakilishi. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar hujitungia sheria zake za afya, na Baraza nalo lina kamati zake.)

BAADA YA KAMATI

Muswada hurudi ukumbini kusomwa mara ya pili. Waziri anaeleza, kamati inatoa maoni, wabunge wanajadili. Halafu Bunge zima hukaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja. Kisha husomwa mara ya tatu, na ukikubaliwa hupelekwa kwa Rais. Ukipata sahihi yake, umekuwa sheria. Rais anaweza pia kukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake.

HARAKA HARAKA?

Wakati mwingine Serikali huleta muswada kwa hati ya dharura, na hatua hufupishwa. Mwaka 2017, miswada mitatu ya utajiri wa asili, mikataba na madini ililetwa mwishoni mwa Juni, na siku za mwanzo za Julai ilikuwa imekwisha kupitishwa. Waliounga mkono walisema nchi ilikuwa inaibiwa na haikuwa na muda wa kupoteza. Waliolalamika walisema wananchi hawakupata nafasi ya kusoma, seuze kutoa maoni. Dharura za kweli zipo. Ila kumbuka ile mashua: kadiri fundi anavyoharakishwa, ndivyo abiria wanavyopaswa kuwa macho.

Jirani zetu Kenya wameandika kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 118, kwamba Bunge lazima liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Huko watu wameshakwenda mahakamani kudai kwamba sheria fulani ibatilishwe kwa sababu hawakusikilizwa.

WEWE UFANYE NINI?

Pengine unasema, "Mimi mwanafunzi tu, kura sina, Dodoma mbali." Haya, jaribu hivi:

1. Sikiliza jina. Ukisikia redioni kwamba muswada umesomwa mara ya kwanza, ujue saa imeanza kuhesabu. Nafasi ya maoni ni sasa, kabla haujapita.

2. Usome. Usiogope Kiingereza cha wanasheria: mwaka 2021 ilitungwa sheria inayotamka kwamba lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Mwombeni mwalimu wa uraia auchapishe, gawaneni vifungu darasani, kila kundi lichukue viwili vitatu.

3. Andikeni. Barua iende kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, na nakala kwa mbunge wenu. Msiandike "hatuupendi muswada huu." Andikeni: "Kifungu cha fulani kinasema hivi. Sisi wanafunzi kitatuumiza kwa sababu hii. Tunapendekeza kisomeke hivi." Barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya kifungu ni rahisi kufanyiwa kazi kuliko kurasa kumi za manung'uniko.

4. Mkikosa jibu, msikate tamaa. Mbunge akija jimboni, muulizeni hadharani, kwa adabu: "Mheshimiwa, kamati ilisema nini juu ya kifungu kile?"

Umri wa kupima ulikuwa 18, leo ni 15. Mfuko wa wasio na uwezo ulikuwa swali bila jibu, leo umo kwenye sheria. Mambo hayo yaliandikwa na watu, yakabishaniwa na watu, yakarekebishwa na watu. Muswada ujao unaohusu mwili wako, shule yako au mfuko wa mzazi wako nao utapita kwenye meza ileile. Usisubiri uje kuusikia zahanati, mbele ya mhudumu.